Bei ya Mtu wa Nyumbani

Binti yangu Sitara hukadiria kazi kabla hajaigusa. Ukimwambia unataka programu ya kwenye mtandao, haanzi kwa kukuuliza utalipa kiasi gani. Anauliza ni nani atakayeitumia, atakuwa mji gani, atataka kuona nini, na akibonyeza mahali pasipotakiwa, itakuwaje. Kisha ananyamaza na kutafuna kifuniko cha kalamu. Ukimjua kama ninavyomjua mimi, utaona macho yake yanahama kutoka kitu hiki kwenda kile, kama mtu anayepanga vyombo katika chumba ambacho bado hakijajengwa. Wengi humwona mzito wa kuelewa. Si mzito. Anahesabu.

Tabia hiyo hakuipata kwangu. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonitafuna miaka yote. Aliipata kwa Mama Jeet.

Mama Jeet jina lake ni Lilavati. Yeye na mumewe Ghanshyam wana duka la vifaa vya ushonaji hapa Kariakoo: zipu, vifungo, nyuzi, lastiki, bitana. Mimi nauza khanga na vitenge kwenye baraza la duka lao. Walinipa nafasi hiyo Sitara akiwa bado ananyonya, enzi zile za ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena baada ya uhaba. Nikamlea chini ya meza, ndani ya boksi la nyuzi nililolitandika khanga. Alipoanza kutambaa, alitambaa kuelekea ndani. Ndani kulikuwa na feni na vifungo vya rangi. Barazani kulikuwa na jua, na mimi.

Mama Jeet alimfundisha kuchambua vifungo kwa ukubwa, halafu kwa rangi, halafu kwa idadi ya matundu. Alimfundisha kumwita Masi, ambalo ni neno lao la dada wa mama. Mimi sina dada. Mama yangu alinizaa mimi peke yangu, na hata hivyo mwanangu akapata mama mdogo.

Nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo madaftari ya Sitara niliyaweza mpaka alipofika kwenye hesabu za herufi. Baada ya hapo akawa akitoka shule ananisalimia, anaweka kopo la chakula alichokula au asichokula juu ya meza yangu, anaingia ndani. Nilikuwa nikiona migongo yao miwili kupitia mlangoni, imeinamia kaunta. Jeet, mtoto wa Mama Jeet mwenyewe, alikwenda kusoma Uingereza na akabaki huko. Wake alipoondoka, akabaki na wangu.

Sitara alipomaliza kidato cha nne hakuchaguliwa kuendelea. Akapata kazi kwenye intaneti kafe ya Gaudens, karibu na Mnazi Mmoja. Kazi ilikuwa kuwafungulia watu barua zao na kuwaonyesha pa kubonyeza, lakini mashine zikiwa wazi yeye alikuwa anafungua tovuti za watu na kuangalia zilivyoshonwa kwa ndani. Gaudens akagundua, akaanza kuchukua kazi za kutengeneza kurasa za hoteli na za kwaya. Bei alikuwa anazitoa kichwani, mteja akiwa amesimama mlangoni. Hela inaisha kazi ikiwa nusu, na nusu iliyobaki anaimaliza Sitara. Hapo ndipo alipoapa kwamba akipata kazi yake mwenyewe, ataikadiria sawasawa kwanza.

Kazi hiyo ilitoka ndani ya duka.

Biashara ilikuwa imebadilika. Zamani mafundi na wenye maduka wa Singida, Mbeya na Songea walikuwa wanakuja wenyewe kwa Ghanshyam. Sasa kila mwenye nauli alikuwa anapanda ndege kwenda Dubai, na wengine walishafika China, wanarudi na kontena zima na kuwapigia simu wateja wa mikoani. Mama Jeet akataka wateja wake waweze kukaa kwenye intaneti kafe ya mjini kwao, waone stoo ina nini, waagize, mzigo upakiwe kwenye basi. Akamuuliza kwanza Utsav, mtoto wa kaka yake, mwenye ofisi ya kompyuta huko Upanga. Utsav alitaja bei ambayo ilimfanya Ghanshyam aweke kikombe cha chai chini na asikichukue tena.

"Sitara atatengeneza," Mama Jeet akasema.

Sitara akaacha kazi kwa Gaudens. Hakuniuliza. Mwezi mzima nilikuwa nimemwomba anichapie kibao cha meza yangu, kiandikwe khanga na vitenge jumla na rejareja, akaniambia, "Jumapili, mama." Jumapili hiyo haikufika. Kwa Masi aliacha mshahara.

Makadirio aliyafanyia nyumbani kwetu Gerezani, amekaa kitandani, karatasi zimetapakaa mpaka kwenye mto wa baba yake. Mume wangu Mbaruku anafanya kazi kwenye pantoni la Magogoni na alikuwa zamu, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naikata kazi vipande vidogo, mama. Mteja kujiandikisha, kipande. Kuona stoo, kipande. Kuagiza, kipande. Masi kuona oda zilizoingia, kipande. Kila kimoja najiuliza: kikienda vizuri kitakula siku ngapi, kikienda kawaida ngapi, kikienda vibaya ngapi. Natafuta katikati."

"Na hiki cha mwisho mbona hakina jina?"

"Hicho ni cha nisichokijua."

"Hukijui, na unakipangia siku?"

"Hicho ndicho kilichokuwa kinamuua Gaudens."

Nikamsikiliza, halafu nikamuuliza swali ambalo kila mtu wa Kariakoo angeuliza. "Umeacha nafasi ya kupunguza?"

Akanitazama kama niliyemwambia atie mchanga kwenye mchele. "Masi nimwekee cha juu? Nimempa ya mwisho."

Inafaa nieleze, kwa wasioijua Kariakoo. Hapa bei ya kwanza si bei. Ni kumkaribisha mtu aingie mzungumze. Muuzaji anataja ya kuanzia, mnunuzi anakata, mnakutana njiani, kila mmoja anaondoka na heshima yake. Lakini kuna watu wa nyumbani, ndugu au jirani, na hao unawatajia ya mwisho papo hapo, mara moja, kwa sauti ya chini. Humwambii kwamba hii ni ya mwisho. Ukimwambia, umemfanya mgeni. Anatakiwa ajue mwenyewe. Mimi na Mama Jeet ndivyo tulivyokuwa. Akitaka khanga ananyoosha mkono, natamka, anaweka hela, basi. Hata siku nilizomchukia nilimtajia ya mwisho.

Kwa hiyo sikumbishia. Moyoni nilikuwa najiuliza kama mimi, mama yake, ningekwenda kumwagiza kazi hiyo, angenitajia ipi.

Asubuhi yake aliingia dukani na karatasi zake. Mimi nilikuwa nakunjua mzigo barazani pamoja na Celina, mwenzangu anayeuza soksi na vesti upande wa pili wa mlango. Kila neno lilitufikia.

"Shikamoo, Masi."

"Marahaba. We mtoto umekonda. Mama yako hakupikii siku hizi?"

Celina akanigusa kwa kiwiko. "Umesikia unavyosemwa, mama mzazi?"

"Uza soksi zako," nikamwambia.

Ndani Sitara alieleza vipande vyake kimoja kimoja. Halafu akataja bei. Aliitaja kwa sauti ya chini, mara moja, kama inavyotakiwa. Nikasikia Mama Jeet anabonyeza mashine yake ya hesabu. Ile mashine ina kelele kama panya anayetafuna boksi.

"Toa theluthi," Mama Jeet akasema. Alisema kwa sauti ileile anayowasemea wauza nyuzi wa Dubai kwenye simu. "Na iwe inafanya kazi kabla ya msimu wa Idi, mafundi wakianza kushona."

Nikasubiri Sitara aseme kitu. Ninajua vimya vyake vyote, na kile kilikuwa kimya cha mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

"Sawa, Masi," akasema.

Celina akasonya. "Kakatwa mchana kweupe. Na yule yule anayemwita mama mdogo."

Moyo wangu ulifurahi kwanza. Siwezi kuusemea vingine. Ulisema, umemwona sasa, umeona watu wa nje walivyo. Kisha Sitara akatoka, akapita mbele ya meza yangu bila kuniangalia, akiwa amezikunja karatasi mpaka zimekuwa ndogo kama kete, na furaha ikaniisha.

Walimwekea kompyuta juu, kwenye stoo, katikati ya mabelo ya bitana. Akawa anaingia kabla yangu na kutoka baada yangu. Mchana Mama Jeet anapandisha sahani yenye chapati za majani ya uwatu na achari ya maembe, na chakula nilichobeba mimi kinarudi Gerezani kilivyo. Celina akaanza kukila, akisema ni dhambi kukitupa.

Kukatwa theluthi hakukupunguza kazi hata kipande kimoja. Sitara alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akafuta siku za asichokijua. Na asichokijua kikaja. Kilikuwa vifungo. Stoo ya Ghanshyam inauza vifungo kwa dazeni, kwa grosi, kwa kilo, na kwa wateja wa siku nyingi inauza kwa kiganja, Ghanshyam anachota na kumwaga kwenye karatasi na kusema hiyo inatosha. Tena kifungo kimoja Tanga kina jina lake na Mbeya kina jina lingine. Mtu dukani anaelewana na mtu. Mashine haikuelewana na kiganja. Kila alipoziba huku, kule kulifumuka.

Akapungua kweli, sasa si maneno ya Mama Jeet. Siku moja nikiwa natoka kununua mfuko wa nailoni nilimwona Mnazi Mmoja, anatoka kwa Gaudens. Nyumbani nikamuuliza.

"Nilikwenda kuomba zamu za jioni. Hela aliyotanguliza Masi imeisha. Kiti changu kina mtu."

"Mwambie Masi wako ukweli."

"Siwezi."

"Una mdomo."

"Mama, nikishindwa hii, nani atanipa nyingine? Utsav atazunguka mjini anasema alijua. Na nikimwambia Masi sasa kwamba ile ilikuwa ya mwisho, nitakuwa namwambia hakunijua." Alikuwa anazungumza akiutazama ukuta. "Alipotoa theluthi nilijua kumbe kwake mimi ni muuzaji tu. Sitaki anirudishie hela. Nilitaka ajue mwenyewe."

Akalia. Mtoto huyu alianguka kwenye ngazi za duka akavunjika mkono na hakulia. Alifeli mtihani na hakulia. Sasa alikuwa analilia anavyohesabiwa na mke wa Ghanshyam, amekaa juu ya kitanda nilichomzalia.

Kesho yake nilikaa barazani nikalifikiri jambo hilo mpaka mwisho. Ningeweza kukaa kimya. Kazi ingemshinda, kabla ya Idi au baada yake. Angegombana na Masi, angetoka kwenye ule mlango, na asingekuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye meza yangu. Ningempa kigoda. Ningemfundisha kupanga khanga. Niliiona picha hiyo vizuri, naye amekaa ndani yake, na uso wake ulikuwa umegeukia ukuta kama usiku wa jana. Huyo nisingemtaka.

Ghanshyam alipokwenda kula, nikamwambia Celina aniangalizie meza, nikaingia. Mama Jeet alikuwa anafunga zipu kwa mpira, kumi kumi.

"Mama Jeet, nina neno."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kile kigoda cha ndani ambacho Sitara alikulia juu yake. Kutoka pale baraza lilionekana dogo, na meza yangu ilionekana nusu.

"Ile bei ya Sitara ilikuwa ya mwisho."

"Ya mwisho vipi? Alitaja, nikakata, akakubali. Si biashara hiyo?"

"Alikutajia kama ninavyokutajia mimi khanga."

Mikono yake ikasimama kwenye zipu. Nikaona anarudi nyuma kwa mawazo, anaisikiliza upya ile asubuhi.

"Hakuweka cha juu?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Mjinga huyu mtoto. Nimemfundisha mwenyewe. Nimemwambia tangu mdogo, mtu akikutajia bei ukamkubalia bila kukata, ataona humheshimu, unampa sadaka. Nilimkata kama ninavyowakata wanaume wenye ofisi. Nisingemkata, angesema Masi ananihurumia."

"Yeye hakukuona mteja."

"Aliniona nani?"

Niliziangalia zile zipu. Neno lile lilinitoka kama jino linavyotoka, kwa kuvutwa. "Anakuhesabu mama yake," nikasema. "Watu wa nyumbani hawawekewi cha juu. Ndiyo maana hakuweka. Na wewe ulipokata, hakujua aseme nini."

Mama Jeet aliichukua ile mashine ya hesabu akaiweka kwenye droo, kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Hela nimeshaagizia mzigo wa Idi," akasema. "Baba Jeet anajua kila senti. Siwezi kuirudisha ile theluthi hata nikitaka."

"Sikuja kuomba hela."

"Najua. Basi ikatwe kazi." Akainua kichwa akaita juu. "Sitara. Shuka. Shuka na vile vipande vyako."

Sitara alishuka, akaniona nimekaa kwenye kigoda, akasimama ngazi ya mwisho. Alinitazama mimi kwanza, kwa hofu, halafu Masi wake.

"Mbona hukuniambia ni ya mwisho?" Mama Jeet akamuuliza.

"Ningekuambia, Masi, ungekuwa umejua mwenyewe?" Sitara akajibu, machozi yanamtoka.

"Njoo hapa. Weka karatasi. Hii nini?"

"Picha ya kila bidhaa."

"Toa. Fundi wa Songea anaijua zipu bila picha. Hii?"

"Kulipa."

"Watatuma hela kwa kondakta kama wanavyotuma siku zote. Toa. Hii?"

"Vifungo."

"Vifungo viondoke vyote. Tuanze na zipu na nyuzi, hizo ndizo wanazozitaka kabla ya Idi. Vifungo tutavizungumza mwakani, kwa bei yake, na siku hiyo uniambie wazi: Masi, hii haikatwi. Na hapa chini umefuta nini?"

"Siku za nisichokijua."

"Zirudishe. Mimi nanunua nyuzi maisha yangu yote na bado kila mwaka kuna kontena linaloniumbua."

Sitara akacheka, pua bado imejaa machozi. Akavuta boksi akakaa kando yake. Migongo miwili ikainamia kaunta. Nikainuka kwenye kigoda, nikapita pembeni yao, nikatoka. Hakuna aliyegeuka.

"Umeingia kugombana?" Celina akauliza.

"Nimeingia kusalimia."

"Uso wa kusalimia ndio huo?"

Mteja alikuwa anapekua khanga zangu, nikamtajia bei ya kuanzia, kubwa kuliko siku zote, na akaondoka.

Programu ilianza kufanya kazi kabla ya mwezi mtukufu, na zipu na nyuzi zake. Oda ya kwanza ilitoka Singida. Nilisikia Sitara anaita kule juu, "Masi, njoo uone," na miguu ya Mama Jeet ikapanda ngazi kwa haraka ambayo sikujua bado anayo. Mimi nilikuwa na mteja. Baadaye kidogo Sitara akashuka, akaja barazani, akanishika mkono mbele ya watu na kunipandisha. Nikaona mistari kwenye kioo. Ilikuwa imeandikwa nyuzi nyeusi na nyuzi nyeupe, na jina la mtu nisiyemjua. Nikasema ni nzuri. Chumba kilinuka achari ya maembe.

Sasa Sitara ana kazi za maduka mengine. Akishaikata kazi vipande anapeleka karatasi kwa Masi wake, wanabishana vipande vipi vitoke na siku gani zibaki. Halafu jioni anazileta kwangu, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza, "Mama, huyu wa duka la vyombo pale kona, ukimtajia anakataje?" Namwambia. Huyu anakata nusu na kuondoka, halafu anarudi. Yule anakata kidogo lakini atadai nyongeza. Huyu mwingine mwambie ya mwisho na umwambie ni ya mwisho, ni mtu wa bara, atakuelewa. Miaka yote nimewaona wote wanapita mbele ya meza yangu, na nilikuwa sina pa kuvitumia nilivyoviona. Ananisikiliza anatafuna kifuniko cha kalamu, na anaandika.

Kibao cha meza yangu alikichapa pia. Khanga na vitenge, jumla na rejareja. Kimekaa vizuri.

Lakini wakiwa ndani wawili, nikasikia wamecheka, bado mikono yangu huacha kukunja khanga mpaka nijue wamecheka nini.